Potomac kwa baiskeli: jinsi ya kupita njia ya changarawe kutoka Cumberland mpaka Washington

Wengi wakiona ramani ya njia ya C&O (Chesapeake na Ohio) wanacheka, wanasema hii nayo ni safari? Tambarare kabisa, kutoka Cumberland mpaka Georgetown pale Washington DC ni km 297 na tofauti ya mwinuko kati ya huku na kule ni mita 184 hivi tu, basi mtu anapiga hesabu ya haraka haraka, siku 2 nimemaliza. Afu siku ya kwanza inanyesha. Njia hii haupangi kwa milima wala kwa kilomita, unapanga kwa tope na kwa maji ya kunywa, ukishayaweka hayo mawili sawa mengine yote ni raha tu.

Kwa asiyeijua, ni njia iliyo kando ya mfereji wa zamani uliochimbwa sambamba na mto Potomac, upande wa jimbo la Maryland. Boti zilikuwa zinavutwa na nyumbu, namaanisha wale wazaliwa wa punda na farasi, wao wanatembea nchi kavu wanaburuta kamba ndefu, boti inafuata majini imejaa makaa ya mawe. Tunapopita sisi na baiskeli leo ndo njia ya hao nyumbu. Kazi ilianza tarehe 4 Julai 1828, rais John Quincy Adams mwenyewe alishika sepetu, na siku hiyohiyo kule Baltimore wenzao wakaanza reli ya B&O (Baltimore na Ohio) nayo inaelekea magharibi, ikawa mashindano, na reli ikafika Cumberland 1842 wakati mfereji ulikuja kufika 1850, umeshachelewa. Lengo lilikuwa ufike mpaka mto Ohio, haukufika kamwe. Mafuriko ya 1889 yakauvunja vunja, ukaangukia mikononi mwa haohao watu wa reli, na mafuriko ya 1924 yakaumaliza kabisa. Serikali ikaununua 1938, baadaye kukawa na wazo la kuugeuza barabara ya magari, jaji wa Mahakama ya Juu William O. Douglas akawaambia waandishi wa gazeti la Washington Post waliokuwa wanaliunga mkono wazo hilo, njooni tuitembee kwanza kwa miguu ndo muandike. Machi 1954 wakatoka Cumberland, wengi wakaishia njiani, waliotembea mwanzo mpaka mwisho walikuwa 9. Barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mfereji na njia yake vikawa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Sasa hiyo historia inakusaidia hata kwenye kukanyaga pedeli. Kwa sababu ni mfereji, njia inakwenda flati kilomita nyingi mfululizo, halafu ukifika kwenye loki, yaani yale malango ya kupandisha na kushusha boti, inashuka ghafla kama mita 2 na nusu hivi, kisha flati tena. Loki ziko 74 njia nzima. Maana yake hakuna mteremko wa kupumzikia, unakanyaga muda wote, na makalio yanakaa kwenye siti muda wote pia. Watu wazoefu wa barabara ya lami wanachoka hapa kwa namna wasiyoizoea, mikono inakufa ganzi, mgongo unauma. Simama kwenye pedeli kila baada ya dakika chache hata kama hakuna kilima.

Mwelekeo: mi nasema anzia Cumberland uje Washington. Sio kwa sababu ya mteremko, huo huusikii kabisa, ila kwa sababu ya treni na kwa sababu ya nguzo za maili. Treni ya Amtrak inayotoka Washington kuelekea Chicago inasimama Harpers Ferry na Cumberland, ni moja tu kwa siku kila upande, na ina nafasi za baiskeli ambazo ni chache mno, kwa hiyo unakata tiketi yako NA tiketi ya baiskeli mapema, usije ukafika stesheni na baiskeli mkononi unategemea huruma. Ukianza na treni unamalizana na ratiba ya watu siku ya kwanza, halafu safari nzima iliyobaki ni yako, ukichelewa kwa tope hakuna kinachokuacha. Na nguzo, kila maili (km 1.6) kuna kinguzo chenye namba, 0 iko Georgetown na Cumberland ni 184 na nusu, kwa hiyo ukitokea Cumberland unahesabu kushuka, na niamini, jioni ya siku ya tatu kuona namba zinapungua kunasaidia kuliko chakula.

Msimu mzuri ni Septemba na Oktoba. Aprili na Mei ni kuzuri, maua kila mahali, ila ndo mvua zenyewe na njia inakuwa laini. Julai na Agosti joto lina unyevu mwingi, mbu wa kutosha, na ngurumo za mchana zinaangusha miti njiani. Kabla hujaondoka ingia kwenye tovuti ya hifadhi uangalie sehemu zilizofungwa, maana kila mafuriko yanaondoka na kipande, na ukiona mto umejaa sana ahirisha tu, hii njia iko chini kabisa bondeni na mto ukipanda unapanda juu yake.

Baiskeli. Ya changarawe au ya milimani, tairi milimita 38 mpaka 45, zenye meno kidogo. Tairi nyembamba za mbio usithubutu, juzijuzi wameweka kokoto laini sehemu nyingi na ni pazuri kweli, lakini bado kuna vipande vya udongo wenye mizizi na mawe, na vipande vingine ni mistari miwili ya magurudumu na nyasi katikati. Upepo, kwa tairi la mm 40 ukiwa umebeba mzigo, psi 35 mpaka 45 inatosha, ukijaza zaidi utatetemeka kutwa nzima.

Halafu madigadi. Watu wengi wanasema lazima, na kweli zinakuokoa na maji machafu, ila udongo wa huku ukilowa unashika, unachanganyika na majani makavu, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo utakuta mtu kachuchumaa anachokonoa na kijiti kila baada ya mita 500. Kama unaweka madigadi hakikisha kuna nafasi ya vidole viwili juu ya tairi, ikiwa chini ya hapo zitoe kabisa ukubali kuchafuka. Na vijiti navyo, hivi ni vidogo lakini ndo vinamaliza safari za watu: kijiti kinarushwa na tairi la mbele, kinaingia kwenye gia ya nyuma, unaendelea kukanyaga, kinavuta ile gia ndani ya spoku na kile kikono chembamba cha alumini kinachoishikilia kinakatika. Kikono hicho kila modeli ya baiskeli ina chake, huwezi kuazima cha mwenzio, kwa hiyo nunua cha baiskeli yako kabla ya safari ukifunge na tepu chini ya siti. Ukisikia tu mlio wa kijiti kwenye spoku acha kukanyaga palepale, shuka, kitoe. Zaidi ya hapo beba tyubu 2, viraka, pampu, kiungo cha cheni na mafuta ya cheni, hayo mafuta ya maji maji ya kuhimili tope, maana kila jioni utaifuta na kuipaka upya.

Kulala ndo uzuri wa njia hii. Kuna kambi za watembea kwa miguu na waendesha baiskeli kila baada ya maili 5 mpaka 10 hivi, ni bure, hakuna kubuku, anayefika kwanza analala, usiku mmoja kila kambi. Unakuta sehemu ya hema, meza, pa kuwashia moto, choo cha kuhamishika na pampu ya maji ya mkono. Maji ya pampu yamewekewa dawa, yana ladha fulani hivi, yanaudhi siku ya kwanza unazoea ya pili. Lakini sasa sikiliza hapa: yakipimwa yakakutwa sio salama wanatoa mpini wa pampu, unafika una kiu unakuta chuma kimesimama tu hakina mkono, na kuanzia katikati ya Novemba mpaka katikati ya Aprili pampu zote zinafungwa. Kwa hiyo kanuni ni kwamba ukifika pampu inayofanya kazi unajaza kila chombo, hata kama chupa bado ina nusu, na unabeba kichujio kwa dharura. Takataka zako unaondoka nazo, mapipa hakuna.

Kuna treni za mizigo ng'ambo ya mto na nyingine upande uleule, zinapita usiku kucha zinapiga honi, beba vizibo vya masikio, nasema kwa nia njema. Kupe wapo wengi, jikague kila jioni hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Mmea wenye majani matatu matatu unaotambaa pembeni usiuguse wala usiegemeze baiskeli juu yake, mafuta yake yanawasha ngozi wiki nzima.

Siku 5 ni mgao wa kistaarabu. Wanaoweza kufanya 3 wapo, hongera zao, ila watapita kila kitu bila kukiona.

Siku ya kwanza, Cumberland mpaka Little Orleans, km 70 hivi. Nunua chakula cha siku mbili hapo Cumberland, kwa sababu mpaka ufike mji wa Hancock, km 97 mbele, hakuna duka la kuaminika, vijiji vipo ila usiweke tumbo lako dhamana. Simu nayo inapoteza mtandao kwenye kona za mto, pakua ramani mapema.

Hapa katikati ndo kuna handaki la Paw Paw, na hapa nitakaa kidogo. Mto unapinda pinda sana eneo hili, wajenzi wakaona badala ya kuufuata wachimbe mlima moja kwa moja. Walianza 1836 wakidhani ni kazi ya miaka 2, fedha zikaisha, vibarua wakagoma na kupigana, likafunguliwa 1850. Urefu mita 950, ndani limejengwa kwa matofali karibu milioni 6. Ukifika shuka kwenye baiskeli, hili sio ombi. Njia ndani ni nyembamba, ina mabonde na madimbwi, giza totoro, upande mmoja ukuta upande mwingine reli ya mbao ya kushikilia na chini yake maji ya mfereji. Washa tochi, ya kichwani ni nzuri zaidi, ya baiskeli inaangaza mbele tu na we unataka kuona unapokanyaga. Mwanga wa upande wa pili unauona toka ukiingia na unadanganya, unatembea weee bado uko palepale. Katikati simama, elekeza tochi kwenye ile reli ya mbao pembeni, pitisha kidole, utaona mbao imekatwa mifereji mifereji laini, hizo ni kamba za nyumbu ziliisugua miaka na miaka. Boti mbili zilikuwa haziwezi kupishana humo, na wanasimulia kwamba kuna manahodha wawili walikutana kila mmoja akakataa kurudi nyuma, wakakaa siku kadhaa, mpaka wakafukiziwa moshi ndo wakatoka.

Mara nyingine wanafunga eneo la handaki kwa sababu ya mawe kuporomoka, kuna njia ya kupanda juu ya mlima, kusukuma baiskeli yenye mizigo pale ni adhabu, ndo maana nikasema angalia tovuti kwanza.

Siku ya pili, Little Orleans mpaka Williamsport, km 66. Kama imenyesha, hii ndo siku ya kutumia akili: kuanzia Little Orleans mpaka karibu na Fort Frederick kuna njia nyingine ya lami inayokwenda sambamba, Western Maryland Rail Trail, ilikuwa reli. Hamia huko, kausha viatu, rudi kwenye tope ukipenda. Kuna mahali itakurudisha kwa muda kwenye njia ya mfereji kwa sababu handaki lake moja limeachiwa popo, haliingiliki. Fort Frederick yenyewe ni ngome ya mawe ya 1756, kuta zake ni kubwa kweli, na baada ya wanajeshi kuondoka ilikuja kununuliwa na Nathan Williams, mtu Mweusi aliyekuwa huru, yeye na familia yake wakalima hapo miaka mingi. Watu wengi wanapita hapo bila kusimama kwa vile iko pembeni kidogo ya njia, simama.

Siku ya tatu, Williamsport mpaka Harpers Ferry, km 63, na ndo siku yenye mambo mengi kuliko zote kwa hiyo amka mapema. Kwanza kuna Big Slackwater, hapa hawakuchimba mfereji, boti ziliingia mtoni kabisa, na njia imebanwa kati ya jabali na maji, siku hizi ni zege safi toka waifungue upya 2012, kipande kitamu kuliko vyote na picha zote nzuri zinatoka hapo. Ukizidi kushuka utapita pango la Killiansburg, ni ufa tu kwenye mwamba, ndipo wakazi wa Sharpsburg walipojificha wakati wa mapigano ya Antietam, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tarehe 17 Septemba 1862, siku moja ile waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikaribia elfu 23. Uwanja wa vita wenyewe uko juu, nje ya bonde, unatoka kwenye njia unapanda kwa lami, na hapa ndo utakumbuka kwamba miguu yako haijapanda kilima tangu uanze. Kama una nguvu ya kupanda mara moja tu safari nzima, itumie hapa.

Harpers Ferry iko ng'ambo, West Virginia, pale mto Shenandoah unapoingia Potomac. Unavuka kwa daraja la waenda kwa miguu lililobandikwa kwenye daraja la treni, na kulifikia ni ngazi za chuma za kuzunguka, unabeba baiskeli begani. Vua mabegi, panda mara mbili, usijifanye shujaa, baiskeli yenye mizigo kwenye ngazi nyembamba inamtupa mtu. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 mpinga utumwa John Brown na watu wake walitoka upande huu wa Maryland wakavuka hapa kwenda kuteka ghala la silaha ili wawape watumwa, na mtu wa kwanza kuuawa akawa Heyward Shepherd, mtu Mweusi huru aliyefanya kazi ya mizigo stesheni. Brown alinyongwa Desemba mwaka huohuo. Mji ni mdogo, unautembea kwa saa moja na nusu.

Siku ya nne fupi, km 42 hivi mpaka kambi ya Turtle Run, kwa makusudi, ili asubuhi uipe Harpers Ferry na mchana ukae kwenye daraja la Monocacy. Hili ni daraja la kupitisha mfereji juu ya mto mwingine, matao 7 ya mawe, lilimalizika 1833, na unaendesha baiskeli juu yake. Kwenye ramani za zamani utaona kivuko cha White's Ferry karibu na hapo, kilisimama Desemba 2020, usipange safari yako kukitegemea.

Siku ya tano km 55 na watu wanaanza kuongezeka, wakimbiaji, watoto, mbwa. Mwendo wa mwisho unaoruhusiwa ni km 24 kwa saa, piga kengele, sema unapita upande gani, punguza. Kambi ya mwisho ni Swains Lock, ikibaki km 27, ukipita hapo hulali tena njiani. Great Falls usipite bila kutembea kwenye vile vidaraja vya miguu mpaka kwenye maporomoko, funga baiskeli, haziruhusiwi huko.

Ukiwa na wiki nzima na ushee, anzia Pittsburgh kwa njia ya GAP (Great Allegheny Passage), km 240, inakuleta mpaka Cumberland palepale mfereji unapoanzia. Ile ilikuwa reli, sasa ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, maji yanakauka haraka, inapanda taratibu mpaka mita 729 kisha inakumwaga Cumberland kwa mteremko wa km 38. Handaki lake la Big Savage linafungwa majira ya baridi.

Na nguzo ya 0 Georgetown watu wengi hawaioni. Njia inakupotezea mjini, mfereji unaisha unajikuta kati ya magari. Iko nyuma ya jengo la kukodisha boti la Thompson, ukingoni kabisa, pale loki ya mwisho ilipokuwa inatoa boti mtoni. Kutoka pale stesheni ya Union ni kama km 5, ila osha cheni na matairi kwanza, tope la Potomac likikauka linadondoka lenyewe ndani ya behewa na abiria wenzio hawatakuelewa.